Darasa Lililogeuka Mnada

"Kiingereza cha Kilindoni utamfundisha nani huko Komoro?" Mjomba aliniuliza hivyo mbele ya wanunuzi wa samaki, nami nimesimama juu ya ndoo nikinadi kolekole. Mwingine akadakia kwamba ningerudi kabla sabuni niliyofungasha haijaisha. Wa tatu, ambaye mpaka leo hajavuka hata kwenda Nyamisati, ng'ambo tu ya kisiwa chetu, alisema Wakomoro wangeniajiri nifagie shule. Walicheka wakatosheka. Mimi niliendelea kunadi, na mafungu yangu yakaisha kabla ya dalali mwingine yeyote pale. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Nilikuwa na stashahada ya ualimu, na hakuna aliyeinunua. Asubuhi nilikuwa dalali sokoni, kisha nabadili shati naenda kujitolea kufundisha katika shule moja ya Miburani, huku nikisubiri ajira ya serikali. Haikuja. Tangazo la kazi nililiona kwenye simu: kituo cha lugha mjini Moroni kilitaka mwalimu wa Kiingereza, majaribio miezi mitatu. Nilisailiwa kwa simu nikiwa nyuma ya nyumba, mahali penye mtandao, nikapita.

Ikabaki nauli. Dada yangu, mkulima wa mwani, aliwaomba wenzake wa upatu wampe zamu yake mapema, akanikabidhi mimi. Jirani yetu, muuguzi kutoka Bukoba, alinikopesha akiba yake, na mwenye duka la karibu akakamilisha kwa mkopo. Bandarini dada aliniambia, "Ukishindwa hayo majaribio, wewe utakuwa mbali. Mimi ndiye nitakayepita njia za vichochoroni nikiwakwepa wanaotudai."

Moroni niliipenda siku ya kwanza. Mji unanukia maua ya langilangi, watu wanasalimiana mpaka unachoka, na Kingazija, lugha yao, hakikunisumbua; haukupita muda nikawa napatana bei ya shelisheli kama mzaliwa. Kazi ndiyo iliyonigomea. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima: wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai, karani wa forodha, mabinti wawili watatu, na mzee mmoja mwenye joho lililotariziwa, anayeuza vitambaa. Niliwapa jaribio, nikawapanga kama nilivyofundishwa chuoni, wenye alama ndogo mbele karibu na ubao na wenye alama nzuri nyuma. Mzee alikuwa amesoma Kiingereza zamani, akapata alama nzuri. Nikampeleka nyuma kabisa.

Darasa likanyamaza. Nikiuliza swali, wanatazama meza. Nikiimba, wanatabasamu. Nilibadilisha vitabu, nikachora picha za ng'ombe na ndege, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Mkurugenzi wa kituo, mama aliyesoma Unguja, alikuja kusikiliza, akakaa kimya pamoja nao mpaka kipindi kikaisha. Kisha akaniita ofisini.

"Mwalimu, yule mzee umemweka wapi?"

"Nyuma, mama. Ana alama nzuri."

"Alama." Alivua miwani. "Yule ameshafanya harusi kubwa. Amelisha mji mzima. Huku kwetu mtu kama yule hukaa mbele, na wadogo hawasemi kabla yake. Wewe umempeleka nyuma na watoto wa kaka yake waliomo darasani umewaweka mbele. Unategemea nani aanze?"

"Na yeye mbona hasemi?"

"Akiwa nyuma? Akakosea, wacheke? Majaribio yako yanaisha mwezi huu, mwanangu. Nitakuja tena kusikiliza. Nikikuta kimya kile kile, sitakuwa na la kukutetea."

Nilirudi chumbani nikimfikiria dada yangu. Lakini mimi si mtu wa kukaa na kichwa mikononi. Nilijiuliza ni wapi nimewahi kuona wakubwa na wadogo wakisema mbele za watu bila kuoneana haya, na jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Sokoni kwetu tajiri mkubwa husimama mbele na ndiye anayefungua bei. Akitaja bei ya kuchekesha, ni mbinu yake, si kosa. Wengine wanapanda juu yake na hakuna aliyemvunjia heshima.

Kesho yake nilimwomba radhi mzee, nikamweka kiti cha mbele kabisa. Kisha nilivua kiatu changu kimoja, nikapanda juu ya kiti, nikakinadi kwa Kiingereza kwa sauti ile ile ya kolekole. Nilimtazama mzee. "Fungua bei, bwana mkubwa."

Alikitazama kiatu, akanitazama mimi. Akataja kwa Kiingereza bei ambayo haiwezi kununua hata kamba zake, akaongeza kwamba kinanuka.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Binti wa nyuma akapandisha bei. Karani wa forodha akadai kiatu hakijalipiwa ushuru. Mzee akapandisha tena, mwingine akauliza cha pili kiko wapi, na yote hayo kwa Kiingereza. Toka siku ile tulinadi kila kitu: miamvuli, viti, ubao wenyewe.

Mkurugenzi alipokuja mara ya pili alikuta kelele, akasimama mlangoni akidhani watu wanagombana. Mzee aligeuka, akamwambia kwa Kiingereza safi anunue au awapishe wateja. Mama yule alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Jioni nilitia saini mkataba. Mwaka uliofuata nilikuwa mwalimu mkuu wa lugha, na walimu kutoka vituo vingine wakaja kunitazama nikifundisha.

Likizo yangu ya kwanza nilishuka Kilindoni saa nne asubuhi, soko limejaa, na nilipita katikati yake makusudi, kanzu imepigwa pasi. Nilianza kwa mwenye duka, nikamlipa deni lake. Kisha kwa muuguzi, aliyepokea fedha zake, akanikalisha na kunijazia ndizi sahani nzima. "Nilijua," alisema. "Ungenikimbia, ningekuchoma sindano mimi." Mwisho nilikwenda kwa wanawake wa mwani, wenzake dada wa upatu. Niliwalipa mbele ya dada yangu, kila mmoja mkononi mwake, na dada akatoka pamoja nami, akapita njia kuu.