Mgombea Aliyeuliza Mara ya Pili

Kila anapotaka kujibu, mgombea huyu wa ujaji hugusa miwani yake, kana kwamba haki imeandikwa kwenye kioo. Sauti yake ni ya mtu anayeulizia dawa ya fangasi huku jirani yake yuko nyuma kwenye foleni. Jioni ya mdahalo wao, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, mpinzani wake alikuwa amenguruma, "Mlango wa mahakama yangu utakuwa wazi kwa wote!" Makofi yakavuma. Yeye akagusa miwani. Bi Verna wa safu ya mbele akasimama na swali lake, maana kesi yake ya nyumba itasikilizwa Januari, na atakayechaguliwa kati ya hawa wawili ndiye ataamua kama afukuzwe au abaki. "Mtu asiyesikia vizuri utamtendeaje?" Mgombea akaeleza kwa kirefu, akizungushazungusha kifuniko cha chupa ya maji. "Umeelewa?" akamuuliza. Verna akaitikia kwa kichwa.

"Nimesema nini, mama?"

"Dada, unagombea ujaji au ualimu?" mtu akadakia huko nyuma, watu wakacheka.

Verna aliona haya. "Sijasikia hata neno. Hata mwaka jana mahakamani niliitikia hivihivi, nikanyang'anywa mjukuu."

Mgombea akavuta kiti, wakakaa goti kwa goti, akarudia yote polepole mpaka Verna akaweza kumsimulia. Muda wake wa kujinadi ukaishia hapo. Walio nyuma walikuwa wanavaa makoti, wakinung'unika kwamba huyu hana sera. Verna akageuka, akaanza kuwahesabu. Hao ndio wapiga kura.