Siku Walipokuja Kuihifadhi Nyumba ya Bibi

Mgeni wetu alitoka nchi ya barafu, huko juu kabisa ya dunia ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, jua huenda likizo miezi mizima. Kazi yake ilikuwa kupiga picha vibanda vya mbao vya wawindaji wa zamani, kabla ardhi iliyoganda haijayeyuka na kuviangusha. Picha hizo aliziunganisha ndani ya kompyuta mpaka kibanda kikasimama kizima, ukaweza kukizungusha na kuingia ndani bila kuvua viatu. Kilimanjaro alikuja kupanda mlima kama wenzake wote, lakini alipofika Marangu akaiona nyumba ya bibi yangu, mama wa baba, na habari za mlima zikaishia hapo.

Simlaumu. Ilikuwa nyumba ya msonge, nyasi tupu kutoka kileleni hadi chini, imejificha katikati ya migomba. Ndani bibi alilala upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, moto katikati. Nyuma yake ilisimama nyumba ya matofali yenye bati jekundu, aliyojengewa na baba yangu mdogo. Baba mdogo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Biashara huria iliporuhusiwa nchini, bati lilimtoa kimaisha, na kuwa na mama anayelala kwenye nyasi kulimharibia jina mbele ya wateja. Bibi aliishukuru sana ile nyumba ya matofali. Aliweka humo mahindi na kuku.

Mgeni alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kitabu, na alikisema kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kuchekwa. Mimi niliitwa nitafsiri, kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha kuombea maji, ila yeye hakutaka msaada.

"Shikamoo, bibi," akasema, vizuri tu.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuhifadhi nyumba yako."

Angesema amekuja kuichoma moto, ingekuwa nafuu. Kwa watu wa mlimani hifadhi si neno la kitabuni. Hifadhi ni ule msitu wa juu ambako bibi aliokota kuni tangu usichana wake, hadi walipokuja watu wenye sare, na tangu hapo ukionekana na mzigo kichwani unatimuliwa. Hifadhi ni mahali panapotunzwa vizuri sana kwa kukutoa wewe.

"Mpaka mnauweka wapi?" bibi akauliza. "Na ng'ombe wangu mnampeleka wapi?"

Nikaingilia kati, nikaeleza kwamba ni picha tu. Mgeni akafungua kompyuta yake ndogo, akamwonyesha vibanda vya kwao, vimesimama kwenye theluji. Bibi akavitazama kwa makini, kama anayekagua ndizi sokoni.

"Nani anakaa humu?"

"Hakuna mtu, bibi. Hakuna tena."

"Unaona?" bibi akanigeukia. "Wameshatolewa."

Tulikuwa bado tunabembelezana ndipo baba mdogo akafika na pikapu yake. Alipoelezwa, uso ukamng'aa.

"Yaani nyumba nzima inaingia humo? Na haiozi?"

"Haiozi," mgeni akajibu kwa fahari.

"Basi, mama, tatizo limekwisha! Nyumba yako itakaa humo, hailiwi na mchwa, hainyeshewi. Hii nyingine Jumamosi tunaivunja, unahamia kwenye bati."

Alisema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyemletea mama yake zawadi. Nilikasirika. Bibi alikuwa amemwogopa mgeni, kumbe wa kumtoa alikuwa mwanawe.

Bibi hakupiga kelele. Akajifunga kitenge chake vizuri, akainama, akaingia ndani.

"Apige picha zake," akasema kutoka humo gizani. "Lakini mimi sitoki."

Mgeni akaomba, akaomba tena. Mtu akisogeasogea, alisema, mashine inachanganyikiwa. Inataka nyumba tupu.

"Kama anataka tupu, apige ile ya matofali."

Mchana kutwa mgeni alizunguka na kamera yake, na kila alikoelekea bibi alikuwapo, mara anachochea kuni, mara anamkatia ng'ombe majani. Mgeni aliponionyesha kazi yake alikuwa karibu kulia. Hapa kisigino, pale pindo la kitenge, kule kiwiko kinachomea kwenye nguzo. Akaniomba radhi kwa makosa hayo. Akaahidi kuyafuta akifika kwao, ila mengine, akasema, hayatafutika.

Baba mdogo alipoaga, bibi alimsindikiza hadi mlangoni tu.

"Siku nikipika ndani ya hiyo mashine ukaja ukala ukashiba, nitahamia. Kwa sasa nyumba yangu ni hii."

Jumamosi hakuna aliyevunja kitu. Wala Jumamosi nyingine yoyote. Bibi aliishi mle miaka kadhaa, akafia kitandani kwake, moto ukiwaka. Baada yake hakuna aliyewasha tena, na nyasi zisizopata moshi hazina maisha. Mvua zilipokuja nyumba ikainama, kisha ikalala yenyewe chini ya migomba.

Ndipo baba mdogo akakumbuka ile sidii ya picha ambayo mgeni alitutumia alipofika kwao. Tukakutana nyumbani kwake Shirimatunda, mjini Moshi, kompyuta ikawashwa, binti yake akaizungusha nyumba huku akitueleza nguzo na fito kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga. Baba mdogo hakuzitazama.

"Ngoja. Rudisha nyuma kidogo. Hapo hapo."

Karibu na moto kulikuwa na nusu ya mkono na pindo la kitenge, moja ya yale yaliyoshindikana kufutwa. Baba mdogo alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.