Stima Iko Ukutani Kwangu Lakini Nimekatazwa Kuiwasha

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana watu wa kwetu wamejaa humu na wengine kazi yao ni kusoma na kupeleka maneno. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa upande wa Uriri, Migori, na ni mke wa pili. Mume wangu ni mfanyabiashara wa ng'ombe, siku nyingi anashinda Ogwedhi sokoni. Mke wa kwanza, ambaye kwetu anaitwa Mikayi, nyumba yake ndiyo inayotazama lango. Yangu iko kando. Nina mtoto mmoja tu, Hawi, wa miaka sita, na ni kwa sababu yake ninaandika.

Hawi ana pumu. Ikimshika, midomo inabadilika rangi na mbavu zinaingia ndani, na mimi nakimbia barabarani kutafuta pikipiki kama mwendawazimu. Daktari alituambia tununue mashine ya mvuke wa dawa tukae nayo nyumbani. Kaka yangu akanitumia. Sasa shida ikawa moto wa kuiendesha. Nilikuwa na sola, ile ya kulipa kila siku kwa simu, taa tatu na redio. Nikampigia ajenti, akacheka. "Mama, hiyo ni ya taa. Ya kusukuma mashine ni kubwa, hiyo hutaiweza."

Halafu mafundi wa stima wakafika barabara yetu. Wakanieleza kwamba mtu wa matumizi kidogo anawekwa bei ya chini, unanunua tokeni kadiri ya uwezo wako. Nikapiga hesabu nikaona haipiti sana ile ya sola. Nikajaza fomu. Wiki ile ile waliponifungia mita, nikarudisha sola kwa ajenti nisilipe huku na huku. Nilijiona mjanja sana, wapendwa.

Wale ambao si Waluo wanielewe hapa. Katika boma letu Mikayi ndiye anayetangulia. Yeye ndiye anapanda kwanza, yeye ndiye anaonja mavuno kwanza. Ukimruka, watu wanasema umeleta chira, laana ya kuvunja mwiko, na inaweza kushika mtoto. Sikuwahi kusikia chira ya stima! Lakini mume wangu aliporudi akakuta mita kwangu na kwa Mikayi hakuna, hakuketi hata. "Umemruka Mikayi? Wewe unataka kutumaliza kwa hii boma?" Akazima swichi kubwa, akasema isiguswe mpaka Mikayi awashe kwake kwanza, hata kwa siku moja.

Nikamwendea Mikayi. Nikapiga magoti, na mimi si mtu wa magoti. Nikamwita kwa jina la mtoto wake, "Min Achieng, nakuomba, jaza fomu na wewe, nitakusaidia." Hakuacha hata kuchambua maharagwe. Akaniita binti wa kwetu, akasema, "Nyar Homa Bay, mimi sola yangu nilimaliza kulipa, inanitosha. Hiyo stima yako kaa nayo." Nikasema basi tuvute waya kutoka kwangu. Hapo ndipo alinitazama. "Yaani mimi niwashiwe kutoka kwako?"

Kwa hiyo sasa natumia koroboi. Mita iko ukutani, na mimi nawasha mafuta ya taa karibu na mtoto wa pumu! Nafungua madirisha yote, lakini moshi hausikii. Kifua cha Hawi kimekuwa kibaya kuliko mwanzo, na kila akikohoa watu wa boma wanatazamana. Wanasema ndiyo hiyo chira. Mimi nasema ni moshi, nani ananisikia?

Jumanne mchana ilimshika vibaya. Pikipiki hakuna, mvua imeharibu barabara. Nikawasha swichi. Ndiyo, niliwasha, na ningewasha hata kama baba mkwe angefufuka akasimama mlangoni. Mashine ikanguruma, Hawi akaanza kuvuta hewa, mkono wake ukalegea kwangu. Nilipoinua macho, Mikayi alikuwa amesimama hapo na ungo wake, anatutazama. Hawi akamsalimu chini ya ile barakoa, naye akamwitikia, akaenda.

Jioni mume wangu akapiga simu. Alikuwa ameshajua. Amesema Jumapili anakuja na fundi wakate waya kutoka kwenye mlingoti wa stima. "Na mtoto akipatwa na kitu, usinililie mimi." Mama yangu Homa Bay ana stima, ananiita niende na mtoto. Lakini nikitoka hivi sasa, najua sitarudishwa, na huku nimeacha shamba langu na miaka tisa ya maisha yangu.

Sasa niseme ile ambayo sijamwambia hata mama yangu. Siku ile mafundi walipokuja, walianza na nyumba ya Mikayi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mlingoti. Yeye alikuwa ameenda sokoni. Wakaniuliza kama mwenye nyumba anataka stima. Nikawaambia hataki, waje kwangu. Hakuna aliyemuuliza. Nilitaka mara moja tu katika lile boma kitu kianze kwangu, watu wapite barabarani waone taa yangu. Sikufikiria Hawi wakati ule. Mashine nilikuja kuikumbuka baadaye, nikaifanya sababu.

Mikayi hajui. Anadhani mafundi walimdharau tu kwa sababu ni mzee. Nikimwambia ukweli kabla ya Jumapili, labda atakubali tuvute waya awashe kwake ili mtoto apone, au labda atanifukuza na mume wangu atamuunga mkono. Nikinyamaza, waya unakatwa. Hawi analala hapa kando yangu, kifua kinapiga filimbi, na leo ni Ijumaa. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza kunitukana mniambie: niende kwa Mikayi, au nimbebe mtoto niondoke?