Alikubali Kukata, Akakataa Kufunika

Jumanne asubuhi nilikuwa mjini Bungoma nikibishana na mwendesha boda aliyetaka kunipakia pamoja na gunia la mtu mwingine, simu ikalia. Alikuwa mke wa rafiki yangu mmoja, mhariri wa video wa Kitale. Hakunisalimu. "Mwandishi, mzee ametuacha," akasema, nikasikia watu wakiimba wimbo wa kanisani nyuma yake. Shinikizo la damu, siku nne hospitalini, basi. Nilimwambia pole, nikarudia pole, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla hata ya machozi, lilinitia aibu: nilijiuliza diski yangu iko wapi. Wasomaji wangu, nivumilieni niwaeleze habari ya diski hiyo, kwa maana ndiyo iliyoninyima raha wiki nzima.

Marehemu alikuwa mtoto wa wakulima waliotoka mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na kilikuwa na pazia jeusi, kompyuta mbili na feni yenye kelele kuliko upepo. Harusi, maziko, sherehe za shukrani, zote za pande zetu zilipitia humo. Wapiga picha walimletea kadi za kamera, naye kabla ya kugusa chochote alinakili kila kadi kwenye diski mbili. Ukimharakisha alikutazama juu ya miwani. "Nikipoteza kadi ya harusi, nitawaambia waoane tena? Na ya maziko je, bana?" Basi ungekaa kwenye benchi, ungoje, unywe chai yake yenye tangawizi nyingi.

Siku moja nilimkuta na bibi harusi aliyekuwa akilia kwa kwikwi. Harusi yake ilifanyika Mabanga, na alikuwa amechungulia kwenye skrini akaona gauni lake limekuwa la kijivu, maua hayana rangi, na yeye mwenyewe anafanana na mgonjwa. Kumbe kamera nzuri za siku hizi hurekodi picha iliyopauka kwa makusudi, kama shuka iliyofuliwa mara nyingi, ili mhariri apate nafasi ya kurudisha rangi mwenyewe. Marehemu hakueleza mengi. Alimkalisha kando yake, akaanza kusogeza vitu taratibu kwenye kompyuta, gauni likawa jeupe, nyasi zikawa kijani. Alipofika kwenye uso aliweka mkono wake mwenyewe karibu na skrini, akalinganisha ngozi na ngozi. Binti akafuta machozi, akapata ujasiri wa kuomba zaidi. "Si unifanye mweupe kidogo?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ati mweupe? Na bwana akifika nyumbani atamtafuta nani?" Tulicheka sote, hata binti mwenyewe. Nakumbuka nikirudi Bungoma siku hiyo nikimsifu moyoni, sikujua kwamba msimamo huohuo ungekuja kunigusa mimi.

Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita, tukamzika nyumbani, upande wa Sirisia. Siku ya tatu baada ya maziko, ile siku ya kunyoa nywele za wafiwa, ukoo uliketi kama kawaida kuzungumza mambo ya marehemu, na kamera ilikuwepo. Baba yetu mdogo, aliyekuwa msiri wa baba, alisimama mbele ya watu akasema neno kuhusu shamba. Neno hilo lilimhusu dada yetu mmoja, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika na kumlea baba katika ugonjwa wake wote. Kaka zangu hawakulipenda. Mimi, niseme ukweli, sikulipenda wala sikulichukia. Nilitaka amani tu. Wakanituma Kitale, kwa kuwa nilimfahamu mhariri, nikamwombe aliondoe kwenye video kabla haijagawiwa kwa jamaa.

Aliicheza sehemu ile mara mbili. "Mwandishi, hiki si kikohozi unataka nitoe," akasema. Nikamwambia ni mambo ya familia. "Kwani dada yenu si familia?" Nikakasirika. Nikamwambia nimekuja kwa mhariri, sikuja kwa mhubiri. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akanijibu kwa upole ulionichoma zaidi ya matusi. "Video ni yenu. Nitakata. Lakini sitafunika."

Kufunika ndiko kulikokuwa ufundi wake mkubwa. Mhariri akikata maneno ya mtu, picha huruka, kwa hiyo huweka juu yake picha nyingine, labda akina mama wakipepea nyuso au wazee wakitikisa vichwa, na mtazamaji asijue kwamba kitu kimeondoka. Kwetu alikataa. Katika video yetu baba mdogo anasimama ameshika kofia mkononi, na ghafla kofia iko kichwani naye anakaa. "Maneno yake yote yako kwa diski," mzee aliniambia akinisindikiza ngazini. "Siku ukiyataka, kuja." Nilikaa karibu mwaka mzima bila kumjulia hali.

Tulipoitazama video nyumbani, dada aliinama mbele akauliza, "Hapo kumeenda aje?" Nikasema betri iliisha. Baba mdogo akafa miaka miwili baadaye. Mwaka huu kaka zangu wakaamua kuligawa shamba upya, mpimaji aje mwezi ujao, na kipande anacholima dada hakimo kwenye mgao wake kwa sababu hana mgao. Akaja kwangu Bungoma na ndizi mbivu za kunipa, akakaa. "Kaka, watu wanasema baba mdogo alinitaja siku ile. Sisi wanawake tulikuwa jikoni. Wazee nikiwauliza wanasema hawataki kuingilia boma la wenyewe. Wewe ulikuwa mbele. Alisema nini?" Nikamwambia palikuwa na kelele, sikusikia vizuri. Mtu mzima mimi, ninayewafundisha ninyi kila wiki habari za haki! Alipoondoka ndipo nikaanza kuiwaza ile diski, kwamba nitakwenda kuichukua, nimpe, iseme yenyewe, kaka zangu waikasirikie diski.

Siku hizi tunarekodi kila kitu. Jeneza halijashuka, simu arobaini ziko juu. Kuna programu zinazoweza kulibadilisha wingu, na nasikia zipo za kumtilia marehemu maneno ambayo hakuyasema. Watu wananiuliza tutaamini nini. Mimi nilidhani hofu hiyo ni ya mashine, kumbe kwetu ukoo mzima ulikaa kwenye viti ukasikia kwa masikio yake, kisha tukakubaliana kimyakimya kwamba kisichokuwa kwenye video hakikusemwa. Hatukuhitaji programu yoyote kwa hilo. Tulihitaji woga tu, na tulikuwa nao wa kutosha.

Tulimzika mzee Ijumaa. Jumatatu mkewe alinifungulia chumba. Diski zilikuwa zimepangwa rafuni, kila moja na karatasi yenye mwandiko wake, na yetu ilikuwepo, moja. Ya pili, mkewe alinieleza, iliungua umeme uliporudi kwa nguvu mwaka jana. Mzee alikuwa na nia ya kunakili tena, ugonjwa ukamwahi. Tuliichomeka iliyobaki ikalia tik, tik, tik. Fundi wa kompyuta wa jirani aliijaribu kwa njia zake zote, akatikisa kichwa. Imekufa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu. Nilijiambia nimejaribu, hakuna lawama tena.

Mama yule alikuwa ananitazama. "Kwani ilikuwa na nini?"

"Maneno aliyosema baba yetu mdogo siku ya kunyoa."

"Na wewe hukuwa hapo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Akachomoa ile diski, akanikabidhi kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau. "Sasa unatafuta mashine ya nini?" Hakuwa ananigombeza. Aliuliza tu, nami nikashuka ngazi, nikatoka barabarani nikilia mchana kweupe.

Basi neno lile nalisema hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatia. Baba yetu mdogo alisema: "Kaka yangu alinituma. Kile kipande cha chini, kinachopakana na kijito, ni cha binti yake huyu. Mtu asimsumbue." Jana nilikwenda Sirisia nikamwambia dada mwenyewe, uso kwa uso, pamoja na uongo wangu wote. Hakunikumbatia, wala simlaumu. Mpimaji akija nitasimama shambani niseme tena mbele ya kaka zangu. Nilichojifunza kwa marehemu na mkewe ni hiki, na nimejifunza kwa kuchelewa: aliyesikia ndiye wa kusema. Dada yangu alikuwa na shahidi kwa miaka sita yote hii, akila naye meza moja, na shahidi alikuwa ananyamaza.