Sahihi ya Mzee Ildefonsi

Mwaka 1998 Ildefonsi Ndunguru aliandika, peke yake na bila mwalimu, programu ya kwanza ya kupokea kahawa katika chama kimoja cha wakulima mjini Mbinga. Aliiandika kwa penseli katika daftari la kaunta, kisha akaichapa katika kompyuta moja iliyokuwapo. Ilitumika miaka kumi na minne bila kumpotezea mkulima gunia hata moja. Kwa sababu ya kazi hiyo njema alipandishwa cheo kuwa mkuu wa kitengo, na tangu siku hiyo hakuandika programu tena. Alihudhuria vikao.

Mwezi uliopita katibu wa chama, Bwana Nathanieli, alimletea fomu. Programu mpya, itakayotumika katika simu za makarani wa vituo vyote, ilihitaji sahihi yake kuthibitisha kwamba ameikagua. Ildefonsi aliomba siku nne. Akaifungua programu hiyo, iliyoandikwa na Ida, binti kutoka Liuli mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Akasoma kurasa tatu, asielewe. Akamwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sehemu inayotunza kumbukumbu iko wapi?"

"Hiyo hatukuiandika, mzee. Tumeichukua mtandaoni ikiwa tayari."

"Umeisoma?"

Ida alitabasamu. "Mzee, tukisema tuzisome zote, kahawa itaiva na kudondoka."

Nyumbani alimsimulia mkewe, Hildegardi, akitarajia huruma. Sasa, Wamatengo, watu wa kabila lao, hulima ngoro, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko, kwa kugawana kazi: mume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba mlimani, mke huzifukia kwa udongo na kupanda.

"Kwani umeanza leo?" Hildegardi alisema. "Miaka kumi na moja unalaza nyasi, watoto wa watu wanafukia, halafu mgeni akija unamwambia shamba ni lako. Baba Tobias, jembe lenyewe bado unalijua?"

Asubuhi yake alimwomba Ida kazi ndogo: sehemu inayohifadhi uzito wa gunia pale karani wa kituo cha Mkumbi anapokosa mtandao. Ida alisema ni kazi ya saa tatu. Ilimchukua siku mbili, wala si kwa uzee. Alipofika mstari wa nne, simu iliita: printa ya masijala imekwama. Mstari wa sita, wageni kutoka mkoani walitaka kuonyeshwa chumba cha kompyuta. Mstari wa saba, aliitwa katika kikao cha kujadili wingi wa vikao.

Alhamisi Ida alimrudishia kazi ikiwa na masahihisho tisa.

"Kosa hili la tano, mzee, nilidhani umeliweka makusudi kunipima. Karani akizima simu, uzito wote unapotea."

Ildefonsi alichukua penseli, akayanakili masahihisho yote katika daftari, akarekebisha. Lile la tano alilirudia mara tatu.

Ijumaa Nathanieli alikuja kuchukua fomu, Ida naye akiwapo.

"Tia sahihi tu, mzee. Ni utaratibu."

"Miaka kumi na moja nimetia sahihi kwa utaratibu."

Akaandika: *Nimekagua sehemu ya kukosa mtandao, naithibitisha. Nyingine sijazielewa bado. Athibitishe Ida, aliyeziandika.*

Nathanieli aliisoma mara mbili. "Bodi itasema mkuu wa kitengo hajui kazi ya kitengo chake."

"Iambie kwamba kila Jumanne asubuhi sipatikani. Ninasoma."

"Na fomu haina nafasi ya sahihi mbili."

"Ichoree mstari."

Katibu aliazima rula, akachora mstari huku akinung'unika, akamsogezea Ida fomu na kalamu. Ida aliichukua kalamu.

"Mzee," alisema, "na zile tulizochukua mtandaoni?"

"Unazithibitisha wewe."

Ida aliiweka kalamu mezani. "Basi naomba wiki moja. Nikazisome."

"Msimu unafunguliwa Jumatatu," Nathanieli alisema.

"Wiki hiyo makarani waandike katika vitabu vya karatasi, vipo stoo," Ildefonsi alimjibu, akamsogezea Ida kiti.