Kibuyu Kilichoshonwa

Watu wakiniuliza kampuni yetu ilikwama wapi, huwa nawajibu vibaya. Hasira bado ninayo, na sijui nimkasirikie nani.

Tulikuwa wanne kutoka maabara moja ya chuo kikuu, pamoja na daktari aliyetufundisha. Tulitaka kutengeneza chachu ya mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni: unga wa kutia kwenye maziwa ili mtu wa Kaplong na mtu wa Nairobi wapate ladha ile ile. Wafadhili walituambia waziwazi: bila chachu isiyobadilika kufikia mwisho wa mwaka, tufunge. Mimi sikuwa na wasiwasi. Chachu niliijua, ilikuwa nyumbani, ndani ya kibuyu cha mama. Kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi, na ndani kilikuwa cheusi kwa mkaa wa mti wa senetwet wa miaka mingi. Maziwa yake hayakuharibika, iwe kiangazi, iwe mvua. Mtoto wa jirani akifaulu mtihani, watu walikuja kwa mama kuomba mursik ya kumpokelea.

Nilimpigia simu nikamwambia daktari anakuja na wenzake, wanataka mursik yake. Tulipofika ua ulikuwa umefagiwa, kuku amechinjwa, na mama amevaa gauni la kanisani. Akatumiminia kutoka kibuyu cha shanga kinachong'aa. Sikushangaa, nilidhani amehamishia tu maziwa kwenye chombo kizuri. Daktari akanywa vikombe viwili, akajaza chupa zetu, tukarudi kazini tukicheka.

Hiyo chachu ilitutesa. Mara maziwa yaligeuka maji, mara yakanuka, na kila mtu akawa na wake wa kulaumu: ng'ombe, friji, mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Aki sisi tuliugua.

Mwisho nikaenda nyumbani kumuuliza mama ile mursik aliitengenezaje. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akasema alinunua kibuyu kipya sokoni Chepilat, akagandisha humo maziwa mapya, kwa heshima ya wageni.

"Ningemmiminiaje daktari kutoka kibuyu cha kushonwa?" akaniuliza. "Unataka waseme umetoka nyumba gani?"

Kumbe! Mimi nilisema mursik, yeye akasikia wageni. Nikamuuliza cha zamani kiko wapi, tayari nasimama nikichukue. Akasema alikivunja asubuhi ile tuliyokuja, akakitia motoni, mtu asije akakiona kimening'inia ukutani. Nikamweleza yote, kwamba ndicho tulichokuwa tunatafuta na sasa tunafunga. Akaacha maharagwe.

Nikamuuliza hiki kipya kitachukua muda gani kuwa kama kile.

"Mimi sijui," akasema. "Kile nilipewa na mama yangu, na yeye alipewa."

Daktari alikuwa anapiga simu. Niliiacha ilie hadi ikanyamaza.