Mioyo Miwili ya Kulia

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na dari ya chumba cha kupimia moyo ikaanza kuvuja juu ya kitanda. Mhudumu akakigeuza, mto ukakaa ilipokuwa miguu.

Mpimaji, ambaye wenzake walimwita Mama Waya, alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Mikono yake ilikwisha kuzoea njia: waya mwekundu, ulio wa kulia, mkono wa karibu; wa njano, ulio wa kushoto, mkono wa mbali.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, aliyetaka cheti cha afya ili arudi barabarani. Daktari aliitazama karatasi ya mashine, akakunja uso.

"Moyo huu kama uko kulia. Siwezi kukupitisha. Uende hospitali kuu kwanza."

"Huko foleni ni miezi mitatu, daktari. Tajiri atampa mtu mwingine lori langu." Dereva alifunga vifungo vya shati. "Mke wangu alisema zamani moyo wangu hauko mahali pake. Kumbe alikuwa akipima bila mashine."

Akaenda kupanga foleni dirishani, barua yake ya kwenda hospitali kuu igongwe muhuri.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu. Karatasi yake ikatoka vilevile, mawimbi ya mstari wa kwanza yamepinduka. Mioyo miwili ya kulia asubuhi moja! Lakini mistari ya kifua, ambayo moyo wa kulia ungeivuruga pia, ilikuwa sawa. Mama Waya akatazama kitanda, akatazama ukuta, akaelewa.

Angeweza kumpima upya mwalimu na kufunga mdomo. Aliingia kwa daktari na karatasi zote mbili.

"Nyaya za mikono nimezipishanisha. Kosa ni langu, si la moyo wa mtu."

"Miaka kumi na tisa, Mama Waya, leo umepotea chumbani mwako?"

"Nimepotea. Barua ya dereva irudi kabla hajaondoka nayo."

Dereva alikutwa bado kwenye foleni. Akapimwa tena, mawimbi yakasimama wima. Daktari akachana barua, akaandika cheti.

"Nikamwambie mke wangu moyo umerudi kushoto?" dereva akamuuliza Mama Waya.

"Mwambie haukuwahi kuhama."

Kesho yake mvua ilikuwa haijakatika, na kitanda kilikuwa vilevile. Mgonjwa wa kwanza, mama mmoja wa makamo, alipolala, Mama Waya aliweka mikono nyuma.

"Dada, inua mkono wa kulia."

"Wa kulia chakula?"

"Huohuo."

Ulipoinuka, ndipo akashika waya mwekundu.